Vipele vya Ndevu: Kwanza Wembe, Kisha Dawa

Ukinyoa Jumamosi jioni, Jumapili uso unang'aa, na kufika Jumanne kidevu na koo vimejaa vipele vinavyowasha, usikimbilie kusema ni uchafu. Wala si lazima kinyozi awe amekuambukiza kitu. Vingi kati ya vipele hivyo ni ndevu zako mwenyewe zilizorudi ndani ya ngozi.

Nalisema hili mapema kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mtu anaanza na sabuni ya dawa, anahamia kwenye spiriti, anajaribu antibayotiki ya kupaka, mwisho anaangukia kwenye mkorogo wa dukani, na muda wote huo wembe unaendelea kuzalisha vipele vipya. Hakuna mafuta yatakayoshindana na wembe unaorudi kuharibu kila baada ya siku tatu. Kwa hiyo tutaanza na ukataji wa nywele, ndipo tuje kwenye dawa. Maelezo mengi hapa yanahusu kidevu na koo la mwanamume, lakini mwanamke mwenye vipele vya kwapa au vya kidevu hatatoka mikono mitupu.

KWA NINI VINATOKEA

Nywele za kipilipili hujikunja tangu ndani. Kitundu chenyewe ambamo unywele unaota kimepinda chini ya ngozi, kwa hiyo udevu ukichomoza tayari umeinama. Ukiwa mrefu hauna shida na mtu. Wembe ukiukata kwa mshazari, unabaki na ncha kali kama mwanzi uliopigwa panga. Ncha hiyo inaendelea kukua kwa kufuata mkunjo wake, na milimita moja au mbili kutoka ulipochomoza inatoboa ngozi na kuzama tena. Mwili hautambui kuwa kilichoingia ni mali yake. Unakishambulia kama kitu kigeni: panavimba, panawasha, pengine panatunga usaha, na pakipona panaacha doa jeusi.

Njia ya pili haionekani kwa macho. Ukivuta ngozi ikakaza huku unanyoa, ukipitisha wembe kinyume cha uelekeo wa ndevu, au ukitumia wembe wa makali mengi ambao makali ya mbele huinua udevu na ya nyuma huukata, udevu unakatwa kisha unanywea na kubaki chini ya usawa wa ngozi. Ukianza kuota upya hautafuti mlango. Unatoboa ukuta wa kitundu chake mwenyewe.

Sasa utaona kwa nini wenye nywele za singa hawalifahamu sana tatizo hili, na kwa nini yale matangazo ya wembe wa makali matano unaonyoa "mpaka shinani" hayakumlenga mtu mwenye kidevu kama chako. Kwetu sisi, kunyoa mpaka shinani ndiko kunakoleta ugonjwa.

KISANDUKU: Hakikisha ni vipele vya kunyoa

- *Vipele vya kunyoa* hutokea siku chache baada ya wembe. Vinapenda koo na chini ya taya, mahali ndevu zinapoota ovyo ovyo, na mara nyingi huuacha mdomo wa juu salama. Ukitazama kwa makini kwenye mwanga utaona kitanzi cha unywele, ncha zote mbili zikiwa ndani ya ngozi.
- *Maambukizi ya bakteria*: karibu kila kipele kina kichwa cha usaha na unywele umesimama katikati yake. Huweza kusambaa hata pale wembe haukupita.
- *Fangasi wa ndevu*: kiraka chenye magamba, mara nyingi upande mmoja, na ndevu za hapo hung'oka bila kuuma. Hii hutibiwa kwa vidonge kutoka kwa mtaalamu. Krimu peke yake haifiki mzizini.
- *Chunusi*: zipo pia kwenye paji la uso, kifuani au mgongoni, pamoja na vichwa vyeusi.

Ukibaki na shaka kati ya fangasi na vipele vya kunyoa, usipake krimu yenye steroidi yoyote kabla hujaonwa na mtaalamu. Fangasi wakipakwa steroidi hutulia kwa siku chache, kisha huenea kimyakimya.

HATUA YA KWANZA: PUMZISHA NGOZI

Ndevu zikiachwa zikafika urefu wa karibu sentimita moja, nyingi ya zile zilizozama hujifyatua zenyewe. Unywele unavyorefuka, mvuto wake unazidi nguvu ya ngozi iliyoishika ncha, nao unachomoka. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo vizuri kuliko muda.

1. Weka wembe kando kwa wiki nne hadi sita. Kama una vipele vingi na makovu, huenda ukahitaji miezi miwili au zaidi.
2. Asubuhi na jioni, lowesha kitambaa safi katika maji ya uvuguvugu, kikamue, kibandike kwenye kidevu na koo kwa dakika tano hadi kumi. Magamba yanalainika na mwasho unapungua.
3. Kwa kitambaa hichohicho, au mswaki laini kabisa uliotengwa kwa kazi hiyo tu, sugua taratibu kwa mduara. Lengo ni kuinua ncha ambazo bado hazijazama sana. Ngozi ikianza kuchubuka, umepitiliza.
4. Ukiona kitanzi cha unywele waziwazi, chukua sindano mpya ya duka la dawa, ipitishe chini ya kitanzi, inyanyue ncha itoke nje. Ishia hapo. Usiung'oe unywele huo, maana ukiota upya utaanzia chini zaidi na huenda ukatoboa pembeni. Kama kitanzi hakionekani, usichimbe.
5. Usibane. Kipele cha kunyoa hakina kitu cha kukamuliwa. Unachokipasua ni nyama yako, na wenye asili ya makovu yanayovimba watalipa kwa miaka.

Jiandae kwa jambo moja linalowakatisha wengi tamaa: wiki ya kwanza na ya pili hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Ndevu zilizokatwa mara ya mwisho ndiyo kwanza zinafikia urefu wa kuzama, kwa hiyo vipele vipya vinajitokeza ilhali hujanyoa. Mtu anaona hivyo, anasema "bora ninyoe tu," na anarudi mwanzo. Vumilia hadi wiki ya nne ndipo uhukumu.

Na kama kazi yako haikuruhusu kukaa na ndevu? Walinzi, askari na wahudumu wa hoteli wengi wako katika hali hiyo. Mambo mawili yanawezekana. Kwanza, punguza kwa mashine iliyovishwa kichana, ibaki milimita moja hadi tatu. Kwa mbali unaonekana nadhifu, na ngozi inapumzika. Pili, omba barua ya daktari. Hili ni tatizo la ngozi lenye jina kwenye vitabu vya tiba. Nchini Marekani jeshi kwa miaka mingi lilikuwa likitoa ruhusa ya kitabibu ya kutonyoa kwa ajili yake, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko iliamua kwamba marufuku ya ndevu katika migahawa ya Domino's iliwaumiza isivyo haki wanaume weusi, katika kesi iliyoanzia kwenye vipele hivihivi. Uamuzi huo haumfungi mwajiri wa Dar es Salaam au Nairobi, lakini unaonyesha kwamba hudai upendeleo. Mwajiri muungwana akiona barua atakuelewa.

HATUA YA PILI: DAWA ZA KUPAKA, KILA MOJA NA KAZI YAKE

Majina ya dawa nimeyaandika jinsi yanavyotamkwa. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza, hivyo mtamkie mfamasia naye atakuonyesha. Tazama pia namba ya asilimia, kwa sababu jina moja huuzwa kwa nguvu tofauti.

*Za kulegeza ngozi iliyokufa.* Hapa ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza. Asidi ya glikoliki, asilimia 5 hadi 10, hulegeza gundi inayoshikilia seli zilizokufa juu ya ngozi, na ncha ya udevu inapata njia ya kutoka badala ya kunaswa. Asidi ya salisiliki, asilimia 2, hufanya kazi inayokaribiana nayo na huingia vizuri penye mafuta, kwa hiyo inawafaa wenye uso unaotoa mafuta mengi. Chagua moja. Anza usiku, mara tatu kwa wiki. Ngozi ikizoea, ongeza. Kuchonyota kidogo kwa dakika moja ni kawaida. Kuungua si kawaida: nawa uache.

*Za kurekebisha ukuaji wa ngozi.* Adapaleni ya asilimia 0.1 na tretinoini ya asilimia 0.025 au 0.05 huzuia seli kurundikana kwenye mdomo wa kitundu, na polepole husaidia kufifisha madoa. Tretinoini inahitaji cheti cha daktari. Kipimo ni tone la ukubwa wa punje ya njegere kwa kidevu na koo zima, usiku, kila baada ya siku moja. Matokeo huonekana baada ya wiki nane hadi kumi na mbili. Ukiipaka pamoja na asidi usiku mmoja unajitafutia kuungua, zipishanishe. *Mwanamke mwenye mimba, au anayepanga kupata, asitumie yoyote kati ya hizi mbili.*

*Za kuua bakteria.* Kama kuna usaha, benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 inatosha. Ile ya asilimia 10 huchubua zaidi kuliko inavyoponya zaidi. Paka tabaka jembamba mara moja kwa siku, na ukumbuke kwamba hufua rangi ya nguo: mito, mataulo, na kola ya shati la bluu vitapata mabaka meupe. Daktari anaweza kuongeza jeli ya klindamaisini ya asilimia 1. Hii isitumike peke yake kwa miezi, kwani bakteria huizoea. Ikienda na benzoili peroksaidi, usugu hupungua.

*Ya kutuliza uvimbe.* Haidrokotizoni ya asilimia 1, kiasi kidogo, siku chache na si zaidi ya saba, pale palipovimba na kuwasha sana. Ni ya kuzima moto tu, isiwe mafuta yako ya kila asubuhi.

*Mafuta ya kawaida.* Ngozi kavu hukakamaa na kunasa nywele. Losheni isiyo na manukato asubuhi na jioni inatosha. Mafuta ya mgando hayana ubaya yakiwa tabaka jembamba, hasa msimu wa baridi kwa watu wa Mbeya, Nakuru au Njombe. Ukiyarundika kwenye joto la pwani uso utavuja jasho na kuziba.

Ratiba ya kuanzia, kwa mtu asiye na usaha:

1. Siku mbili kabla ya kuanza, jaribu dawa nyuma ya sikio au chini ya taya, eneo la ukubwa wa sarafu. Pakivimba, dawa hiyo si yako.
2. Asubuhi: nawa kwa sabuni laini, paka losheni, kisha mafuta ya kukinga jua kama unashinda nje. Asidi na tretinoini huifanya ngozi iungue na jua upesi, na jua hukoleza madoa.
3. Usiku wa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa: kitambaa cha uvuguvugu, kausha, subiri dakika kumi, paka asidi uliyochagua, halafu losheni.
4. Usiku mwingine: losheni tu. Baada ya wiki tatu, kama ngozi imetulia, weka adapaleni katika usiku mbili kati ya hizo za mapumziko.

Anza na dawa moja. Ukianza tatu kwa siku moja na uso ukaungua, hutajua ya kulaumu ni ipi.

KISANDUKU CHA HATARI: mkorogo na tyubu za "dawa tatu"

Vipele vikiacha madoa meusi, ushauri wa mtaani huwa mmoja: mkorogo. Ndani yake mara nyingi mna haidrokwinoni isiyopimwa, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli na betamethazoni. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania na Kenya, lakini sokoni hazijaisha.

Kuna pia tyubu ndogo zinazouzwa kama peremende, zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwa pamoja. Ukipaka, siku tatu vipele vimenyauka, unamsifu aliyekuuzia. Ukiacha, vinarudi kwa hasira kuliko mwanzo, unapaka tena, na mzunguko umekunasa. Baada ya miezi ngozi ya uso inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi mpya zinatoka, na kidonda kidogo hakiponi upesi. Kama umeshatumia kwa muda mrefu, usiikate ghafla peke yako. Daktari wa ngozi atakupangia namna ya kushuka.

Tanzania, tangu 2019, vipodozi vinasimamiwa na shirika la viwango, TBS, na dawa na mamlaka ya dawa, TMDA. Kenya ni shirika la viwango, KEBS, kwa vipodozi, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa dawa. Krimu isiyo na orodha ya viambato, au iliyohamishiwa kwenye kopo lisilo na jina, irudishe ulikoitoa.

Na dawa za nyumbani?

Limau: achana nalo kabisa. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na ukatoka juani, huleta malengelenge na doa jeusi kuliko ulilokuwa unalikimbia. Dawa ya meno hukausha na kuchubua. Spiriti ya kupigia uso baada ya kunyoa inaua vijidudu vya juu, lakini unywele uliozama haujui kama spiriti imepita. Inachokuachia ni ukavu. Shabu ina kazi yake: hukaza ngozi na kusimamisha damu penye mkato mdogo. Haitibu vipele. Na lile donge moja la shabu linalopitishwa kwenye mashavu ya wateja wote lisikuguse. Jeli ya mshubiri hutuliza, haina neno, ilimradi isikufanye uahirishe tiba.

HATUA YA TATU: KURUDI KUNYOA

Ngozi ikishatulia, una njia tatu. Nimezipanga kwa usalama.

Mashine. Hii ndiyo bora kwa watu wengi. Kichana cha namba moja huacha karibu milimita tatu. Ukitaka fupi zaidi, tumia mashine tupu lakini ielee juu ya ngozi, isikandamizwe. Usivute ngozi. Nunua yako ukiweza. Fedha ya miezi michache ya saluni inaifidia.

Wembe wa makali mamoja. Kama ni lazima uso uwe safi:

1. Nyoa baada ya kuoga, au baada ya kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika tano. Udevu uliolowa hukatika kwa ncha butu zaidi.
2. Paka jeli au povu la kunyolea na uache dakika mbili. Sabuni ya kufulia hukausha. Iache kwenye beseni.
3. Kwa vidole, tafuta uelekeo wa ndevu. Kooni mara nyingi zinaota kwenda juu au pembeni, si chini kama mashavuni. Nyoa kufuata uelekeo huo.
4. Mikupuo mifupi, bila kukandamiza, bila kuvuta ngozi. Suuza wembe kila baada ya mkupuo.
5. Usirudie mahali pamoja zaidi ya mara mbili. Kibaki kilichobaki.
6. Maji baridi, kausha kwa kugusagusa, losheni. Asidi iache hadi usiku wa kesho yake.
7. Pumzika siku mbili au tatu kabla ya kunyoa tena. Wembe ukianza kuvuta ndevu badala ya kukata, utupe.

Poda ya kunyolea na krimu za kuondoa nywele. Hizi huyeyusha unywele badala ya kuukata, na unaobaki unakuwa na ncha butu isiyotoboa kwa urahisi. Kwa baadhi ya wanaume ndiyo iliyowaokoa. Tatizo ni kwamba dawa inayoyeyusha unywele hushindwa kutofautisha sana unywele na ngozi: ikizidi muda, inaunguza. Jaribu kwanza kwenye mkono na usubiri siku mbili. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, saa ikiwa mbele yako. Usipake penye kidonda, wala karibu na macho. Ikwangue kwa kijiti butu au kitambaa kilicholowa, suuza vizuri kwa maji baridi, na wiki hiyo usipake asidi mpaka ngozi itulie. Harufu ya yai bovu hutaikwepa, fungua dirisha.

Ipo pia njia ya nne, leza, kwa mwenye uwezo. Hupunguza nywele zenyewe, na bila nywele hakuna kipele. Swali moja uliulize kabla ya kulipa: mashine yenu ni ya Nd:YAG, ya nanomita 1064? Hiyo ndiyo salama zaidi kwa ngozi nyeusi. Wakibabaika kujibu, ondoka na pesa yako.

KWA KINYOZI: angalia kabla hujakaa

- Kichwa cha mashine kimepigwa brashi na kupanguswa kwa spiriti mbele yako, na kimeachwa kikauke.
- Kabati la taa ya samawati halisafishi mashine iliyojaa nywele na mafuta. Usafi kwanza, taa baadaye.
- Wembe umefunguliwa kwenye karatasi yake ukiona. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwa hiyo "nimeupangusa" si jibu.
- Taulo na brashi ya kukung'uta havijatoka shingoni kwa mteja mwingine.
- Umesema mapema: "Usinikwangue, niachie kidogo, na kooni usipitishe wembe." Kinyozi mwenye sifa ya kuchonga mistari mikali atataka kukamilisha kazi yake. Sema kabla, maana mashine ikishawashwa ni vigumu kubishana.

KISOGONI NI HABARI NYINGINE

Vipele vinavyoota chini ya kisogo, kwenye mstari wa mwisho wa nywele, hufanana na vya ndevu lakini vina tabia mbaya zaidi: vikiachwa huungana na kuwa bonge gumu la kovu lisiloota nywele. Mashine ya zero na wembe wa kuchonga shingo huvichochea, na kola ngumu inayosugua huongeza. Usisubiri. Vikiwa bado vidogo kama punje za mtama, daktari hufanikiwa kwa dawa za kupaka. Vikishakuwa bonge, utazungumziwa sindano au upasuaji. Tangu leo mwambie kinyozi aache nywele za shingoni zikiwa na urefu, asitengeneze mstari. Na acha kupapasapapasa.

KWAPA NA SEHEMU ZA SIRI

Sababu ni ileile, ila ngozi ya huko ni laini, ina jasho na msuguano. Kwa Waislamu nywele hizi huondolewa na hazipitishwi siku arobaini, na wanazuoni wengi wamekubali njia nyingine zaidi ya wembe, zikiwemo dawa za kuondoa nywele. Kwa hiyo mwenye vipele halazimiki kung'ang'ania wembe. Halawa ya sukari na limau, ambayo wanawake wa Zanzibar na Oman wanaijua vizuri, hung'oa nywele na kukuachia wiki kadhaa za nafuu. Lakini ikivutwa vibaya, unywele hukatikia ndani na kuzama. Ngoja nywele zifike nusu sentimita kwanza.

Kwapani, ukishanyoa, usipake kizuia jasho hadi kesho. Sehemu za siri, asidi na benzoili peroksaidi zibaki kwenye ngozi ya nje tu, na krimu ya kuondoa nywele isiguse ngozi laini ya ndani. Nguo ya ndani iwe ya pamba, isiyobana, hasa siku mbili za mwanzo. Uvimbe mkubwa unaouma na kujirudia kwapani au kinenani, wenye kutoa usaha na kuacha vijia chini ya ngozi, si wa kunyoa. Huo ni wa hospitali.

NENDA HOSPITALI KAMA

- una homa, au wekundu na maumivu vinaenea kwa kasi;
- umefuata hatua hizi kwa wiki sita hadi nane na hakuna nafuu;
- makovu yanavimba na kukua kupita ukubwa wa kipele chenyewe;
- una kisukari, au kinga yako ni dhaifu, na kuna usaha;
- ndevu zinang'oka zenyewe au kuna kiraka chenye magamba.

Si lazima uanzie kwa bingwa. Kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa afya wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na hospitali nyingi za mikoa zina mtu wa fani hiyo. Uliza mapokezi siku ya kliniki ya ngozi ni ipi.

Kabla ya kwenda, usinyoe kwa siku nne au tano, ili mtaalamu avione vitanzi vya nywele. Beba tyubu zote ulizowahi kutumia, hata ile ya mkorogo unayoionea aibu, kwa sababu hiyo ndiyo atakayoiulizia kwanza.